Kuhamisha filamu toka mkanda wa deki kwenda kompyuta bila kuiharibu ile ya asili

Jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, mzee ambaye namwamkia shikamoo kila asubuhi, zamani alikuwa na kibanda umiza. Kibanda kilishakufa ila sanduku la bati lenye mikanda bado lipo chini ya kitanda, na humo kuna filamu moja ya Kibongo aliyoinunua kabla haijatoka kwenye CD. Mnajua zile za CD zilivyokuwa, diski moja inabeba kama dakika 74 hadi 80, kwa hiyo pati 1 na pati 2, na hii ilipotoka huko vipande vilishakatwa na muziki umebadilishwa. Ya kwenye mkanda ni nzima. Akaniambia mwanangu nihamishie hii kabla sijafa, nikamjibu mzee hiyo kazi ya siku moja. Ikachukua wiki tatu, mbili zikaliwa na hatua ya 4 peke yake, kwa hiyo mwenye haraka arukie huko.

Vifaa

Deki mpya sahau, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha 2016. Mimi nilizunguka mpaka mnada wa Msalato nikatoka na nyama choma tu, deki nikaja kuipata kwa fundi TV, ilikuwa imewekewa maua juu. Ukipata yenye tundu la S-Video, linalotoa picha safi kuliko waya wa njano, shukuru Mungu. Halafu unahitaji kile kidude cha USB cha kukamatia picha, laptopu ya Windows, hadi diski (hard disk) ya TB 1, na UPS, maana laptopu ina betri ila deki haina, na umeme ukikatika mkanda ukiwa umezungushiwa kwenye ngoma (ile silinda ya ndani ya deki yenye hedi za kusoma picha) utajuta. Programu ya kukamatia ni VirtualDub, ya bure. Sitaki kusikia habari za kurekodi TV kwa simu. Na programu ya OBS waachieni wanaostrimu, hii siyo kazi yake.

Hatua ya 1: Kagua mkanda

Angalia kwenye kidirisha cha kaseti. Ukiona unga mweupe pembeni mwa mkanda huo ni ukungu, usiutie kwenye deki, utaambukiza na mikanda mingine. Dodoma ni kukavu, ukungu hatuna sana, kinachotumaliza ni vumbi la upepo wa mwezi wa saba na wa nane, lakini mkanda uliokaa Tanga au Dar usiuamini. Vunja kale kaplastiki kadogo mgongoni mwa kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha peleka mbele mpaka mwisho, rudisha mwanzo, ndiyo uplei. Kasha likiwa limepasuka fungua skrubu zake tano, piga picha kwa simu mkanda unavyopita, hamishia magurudumu kwenye kasha la kaseti usiyoihitaji.

Hatua ya 2: Safisha hedi

Spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ile ya 70 ina maji mengi. Lowesha kipande cha karatasi nyeupe ya ofisini, kigusishe kwenye ngoma ukiwa umekituliza, halafu zungusha ngoma kwa mkono mwingine. Usisugue juu chini, hedi ni kipande kidogo mno kinavunjika. Pamba za masikio hapana kabisa, nyuzi zake zinanasa.

Hatua ya 3: Waya

Njano picha, nyekundu na nyeupe sauti. Hili mnalijua.

Hatua ya 4: Sauti kuachana na picha

Hapa sasa. Siku ya kwanza nilikamata filamu yote dakika 90 na ushee, nikafurahi, nikamwita mzee. Mwanzo safi. Dakika ya 20 mdomo unafunguka sauti inakuja kivyake. Dakika ya 60 mama kwenye filamu analia wakati machozi yameshakauka. Mzee akacheka, mimi sikucheka. Nikasema laptopu nzito, nikafuta programu, nikapiga Windows upya, nikabadili waya, nikabadili tundu la USB, wapi. Nikajaribu kuvuta sauti kwenye kuhariri, ukinyoosha mwisho katikati panapinda, kwa sababu haziachani kidogo kidogo kwa mwendo mmoja, zinaruka.

Kumbe laptopu haina kosa. Hedi za deki zimefungwa kwenye ngoma inayozunguka mara 25 kwa sekunde, na kila mstari wa picha unatakiwa uanze kwa wakati wake. Mkanda ukiwa umevutika au mota imechoka, mistari mingine inawahi mingine inachelewa. TV ya chogo inavumilia hayo, ndiyo maana kwa macho unaona picha nzuri tu. Kidude cha USB hakivumilii, kikichanganyikiwa kinadondosha fremu nzima, na sauti yenyewe inaendelea kuingia haina habari. Fremu 25 zikidondoka umeshapoteza sekunde nzima ya picha.

Dawa yake ni kifaa cha kunyoosha hiyo mistari, kinaitwa TBC (time base corrector, siyo ile televisheni), na cha peke yake bei yake haishikiki. Njia ya wanyonge ni DVD rekoda, inayojulikana sana kwa kazi hii ni Panasonic DMR-ES10. Huirekodii chochote, unapitisha tu: deki inaingia kwenye rekoda, rekoda inatoka kwenda kwenye kidude. Ila sasa angalia haya. Iwe rekoda, siyo DVD ya kuplei tu, hiyo haina hata matundu ya kuingizia. Iweke kwenye chaneli ya AV uliyochomeka, mimi nilikaa nusu saa nakodolea skrini nyeusi. Zima kile kipengele chake cha kupunguza chenga, kinapaka sura za watu kama mafuta, chenga utazishughulikia baadaye kwenye kopi. Na mkanda uliotumwa na ndugu toka Marekani ni NTSC, mfumo wa picha wa kwao, siyo PAL yetu, deki za huku nyingi zinautoa kwa mtindo wa nusu nusu ambao TV inaukubali lakini kidude kinautoa mweusi na mweupe au unabiringika, usihangaike na seting, tafuta deki ya NTSC kabisa.

Ukishapitisha kwenye rekoda, wakati unakamata jicho liwe kwenye ile namba ya fremu zilizodondoka ndani ya VirtualDub. Mbili tatu kwa filamu nzima acha. Zikifika kumi simamisha, gusa traking ya deki (kitufe cha kurekebisha hedi zinavyoufuata mkanda), anza upya. Mimi kwa mkanda ule zilitoka mia nne na kitu zikabaki mbili.

Hatua ya 5: Kamata

Kwenye VirtualDub weka PAL, 720 kwa 576, rangi YUY2, kodeki HuffYUV (inabana picha bila kupoteza kitu), sauti 48000. Saa moja inakula kama GB 35 hivi, usishtuke. Hadi diski isiwe imefomatiwa FAT32, inagoma faili likifika GB 4. Usikate ule ukingo wa chini wenye mikwaruzo, usiongeze mwanga, usiguse rangi. Hii ndiyo ya asili, ikae na makovu yake.

Hatua ya 6: Faili la kutunza

Ligeuze kuwa FFV1, kodeki ya kutunzia, linapungua ukubwa bila kupoteza hata nukta moja. Tumia ffmpeg, programu ya bure ya kuandikia amri:

ffmpeg -i mkanda.avi -c:v ffv1 -level 3 -g 1 -slicecrc 1 -c:a copy mkanda.mkv

Kopi mbili, diski mbili, nyumba mbili. Hakuna mjadala.

Hatua ya 7: Kopi ya kuangalia

Watu wengi wanaharibu hapa kwa kufuata mazoea. Filamu za Kibongo zilipigwa kwa kamera za video, kila sekunde ina nusu-picha 50, kwa hiyo tumia bwdif, kichujio cha ffmpeg cha kugeuza nusu-picha kuwa fremu nzima, upate fremu 50, mwendo unakuwa laini kama ulivyokuwa kwenye TV:

ffmpeg -i mkanda.mkv -vf bwdif=mode=send_field -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 18 -aspect 4:3 -c:a aac kopi.mp4

Lakini kama mkanda ni filamu ya sinema ya nje iliyopigwa kwa fremu 24, kwa kuingizwa PAL iliharakishwa ikawa 25. Hiyo kwa kawaida haihitaji bwdif kabisa, kila fremu iko nzima, na ukitaka mwendo wake wa asili irudishe 24 pamoja na sauti. Ndiyo sababu filamu ya dakika 100 kwenye mkanda inaisha kwa 96 na watu wanadhani imekatwa. Piga hesabu kwanza kabla hujamlaumu mtu.

Mzee nimempa kwenye flashi, anaangalia kwenye TV ya mjukuu. Kuuza hapana, haki ni ya waliotengeneza. Mkanda wenyewe nao usitupe: rudisha mwanzo, usimamishe wima kama kitabu, mbali na spika na siyo darini chini ya bati.