Gari linazima njiani, likifika gereji linawaka: namna ya kulikamata tatizo

Mwalimu mmoja wa Newala aliniletea Corolla 100 hapa gereji kwangu Mtwara mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaegemea boneti. "Fundi, hili gari likikuona wewe linapona." Na kweli, nilipopiga starta liliwaka mara moja, sailensa imetulia, wala halimisi. Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshabadilishiwa pampu ya mafuta, plagi zote nne na betri. Kila kifaa kipya kilimpa siku mbili tatu za matumaini, halafu gari likazima tena akiwa anapanda kutoka Masasi kwenda Newala, watoto wamo ndani.

Gari lililokufa kabisa halinipi shida, maana linapimika muda wowote. Hili linalozima na kuwaka lenyewe linapimika kwa dakika ishirini au thelathini tu, zile ambazo limegoma kando ya barabara, na dakika hizo fundi hayupo. Uliyepo ni wewe. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini ni za kufanya wewe mwenye gari, palepale lilipozima. Nazungumzia hasa Toyota za petroli za miaka ya 1990 zenye mfumo wa EFI (kompyuta ndiyo inayopima petroli inayoingia kwenye injini) na distributa (kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi), kama injini za 4A-FE na 5A-FE zilizojaa mkoani kwetu.

Hatua ya 1: Weka vifaa garini leo

Plagi moja ya akiba, hata iliyotumika, mradi inatoa cheche. Koleo lenye mpini wa mpira. Multimita ndogo, ya bei ya chini inatosha. Kipande cha waya wa umeme chenye urefu wa kiganja, kimemenywa ncha zote mbili. Tochi, kitambaa, chupa ya maji, pembetatu mbili za kuakisi mwanga. Na daftari dogo lenye kalamu, likae dashibodini, lisihamie nyumbani.

Hatua ya 2: Andika kabla hujanunua chochote

Kila gari linapozima, andika saa, umeendesha muda gani tangu uliwashe, mafuta yalikuwa kiasi gani tangini, mvua ilikuwepo au haikuwepo, ulikuwa unapanda, umesimama au umeingia kwenye shimo, na lilichukua dakika ngapi hadi kuwaka tena. Matukio matatu yaliyoandikwa yananisaidia kuliko maelezo ya nusu saa ya kukumbuka kumbuka.

Mpangilio unajitokeza wenyewe. Likizima likiwa la moto na kuwaka likipoa, shuku koili (inayopandisha volti za moto wa plagi), ignaita (swichi ya kielektroniki inayoikata na kuiwasha koili), au kifaa kinachosoma mzunguko wa injini ndani ya distributa. Likisumbua asubuhi ya mvua tu, shuku waya za plagi na kifuniko cha distributa. Likikata kwenye matuta na mashimo, ni waya, tamino (maungio ya waya) au swichi ya funguo. Likikosa nguvu mlimani kisha likazima, na tangi liko robo, anza na filta na pampu. Mwalimu daftari lake lilisema: dakika 40 hadi 60 za safari, jua kali, linawaka baada ya nusu saa. Mara zote nne.

Hatua ya 3: Sekunde tano za kwanza, tazama dashibodi

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza ushahidi, kwa sababu hofu inawafanya wazungushe funguo haraka. Usizungushe. Usichomoe funguo gari likiwa linatembea, maana usukani utajifunga. Breki na usukani vitakuwa vizito injini ikizima, kwa hiyo kanyaga breki kwa nguvu mara moja bila kupampu, sogea pembeni. Barabara ya Mtwara kwenda Mingoyo ina malori ya saruji na makaa ya mawe ambayo hayasimami kwa urahisi. Pembetatu kwanza, boneti baadaye.

Lakini wakati gari bado linaviringika, jicho moja liende kwenye mshale wa mzunguko wa injini, kama gari lako linao. Mshale ukidondoka sifuri papo hapo huku magurudumu bado yanaizungusha injini, umeme wa kuwasha umekatika. Mshale ukishuka polepole, injini inasukasuka na kutapatapa kama mtu anayeishiwa pumzi, mara nyingi ni mafuta. Tazama pia taa. Taa ya oili na ya chaji zikiwaka, umeme mkuu upo. Dashibodi yote ikiwa giza, usiende kwenye injini hata kidogo: shika tamino za betri, fyuzi kuu na swichi ya funguo. Nimekuta swichi zilizolegea kwa sababu ya rundo la funguo za nyumba, duka na pikipiki linaloning'inia hapo miaka kumi.

Hatua ya 4: Pima moto wa plagi

Gari limezima, limekataa kuwaka. Chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka plagi yako ya akiba kwenye waya huo, kisha ilaze ili chuma chake kiguse chuma cha injini. Hakikisha hakuna harufu ya petroli wala hozi inayovuja karibu. Usiishike kwa mkono, umeme ule ni wa maelfu ya volti. Mwenzako apige starta sekunde mbili tu.

Cheche ya bluu, yenye mlio wa kukatika: moto upo, nenda hatua ya 5. Cheche ya njano, dhaifu, au hakuna kabisa: umeipata nusu ya jibu. Kabla haujarudisha waya, mwambie mwenzako apige tena na mtazame mshale wa mzunguko. Usipotikisika kabisa wakati starta inazungusha, tatizo liko kwenye koili, ignaita au waya zinazoingia kwenye distributa, haliko kwenye plagi.

Hapo fanya jaribio moja rahisi. Zima swichi, lowesha kitambaa, kikamue, ukizungushie mwili wa distributa (au koili, kama yako iko nje) kwa dakika tano. Maji yasichuruzike. Gari linalongoja nusu saa kila siku likiwaka baada ya dakika tano, joto ndilo linalolikata. Mwalimu alilifanya hili chini ya mwembe, akanipigia simu kwa furaha kana kwamba gari limeshapona.

Hatua ya 5: Pima mafuta

Moto upo lakini injini haishiki? Fungua kwanza kifuniko cha tangi. Ukisikia tangi linavuta hewa kwa nguvu na gari likawaka baada ya hapo, njia ya kupumulia ya tangi imeziba. Nimeona pampu nzima zikitupwa kwa kosa hilo.

Kisha tafuta kiboksi kidogo cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna majina ya matundu. Swichi ikiwa ON, unganisha B+ na FP kwa kipande chako cha waya. Soma herufi mara mbili kabla ya kuunganisha, kwa sababu B+ ikigusa tundu lisilo lake inaweza kuunguza fyuzi au kompyuta. Pampu inatakiwa ivume tangini, na hozi ya mafuta inayoingia kwenye injini ikakamae ukiibana kwa vidole. Isipovuma, pampu au waya wake. Ikivuma hivi lakini kwenye starta haivumi, pampu ni nzima, tafuta relei yake (swichi inayoendeshwa na umeme) au ishara ya mzunguko wa injini inayotoka distributa. Ikivuma lakini hozi ni laini, filta imeziba au pampu imechoka. Gereji yenye geji ipime: injini hizi zinataka presha ya mafuta ya takriban psi 38 hadi 44 hozi ya vakyumu (inayobeba mvuto wa hewa wa injini) ikiwa imechomolewa. Wanaonunua petroli ya vidumu vijijini wabadilishe filta mapema, uchafu wa vidumu nauona kila wiki.

Vikikosekana vyote viwili, moto na mafuta, kwa wakati mmoja, usihangaike na kimojakimoja. Kuna kitu vinachokichangia: relei kuu ya EFI, swichi, athi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma), au ishara ya mzunguko.

Hatua ya 6: Iulize kompyuta

Kwenye kiboksi kilekile unganisha TE1 na E1, swichi ON, injini haijawaka. Taa ya injini itapepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, haijaweka kosa lolote. Ikipepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara nne, hiyo ni 14: kompyuta haikupata jibu kutoka ignaita. 12 na 13 ni ishara ya mzunguko, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya vakyumu, 41 ni sensa ya throtoli. Andika, usifute bado. Na usichomoe betri njiani, utafuta ushahidi wako mwenyewe.

Kutokuwepo kwa namba hakumaanishi injini ni nzima. Pampu inayochoka na waya wa plagi unaovuja havina namba hapo.

Hatua ya 7: Sasa gereji, na pima kikiwa cha moto

Gari la mwalimu lilikuja na daftari, mshale uliodondoka ghafla, cheche hakuna, na namba 14 ya kompyuta. Nilifungua distributa, nikapima koili. Ikiwa baridi, njia yake ya msingi (waya wa ndani unaopokea umeme wa betri) ilisoma omu 1.4. Kiwango kwa distributa nyingi za aina hii ni kati ya 1.11 na 1.75 ikiwa baridi, na njia ya pili (inayotoa moto wa plagi) kilo-omu 9 hadi 15.7. Nzima kabisa! Fundi aliyeipima kabla yangu hakukosea kusoma, alikosea wakati wa kupima. Niliipasha kwa mashine ya kukaushia nywele niliyoazima saluni ya jirani, multimita ikiwa imeunganishwa. Baada ya dakika kadhaa namba ikarukaruka, kisha ikapotea. Waya wa ndani ulikuwa umekatika, ukipoa unagusana, ukipata joto unaachana.

Waya za plagi nazo pima moja moja, usizidi kilo-omu 25. Usiku, kwenye giza, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia huku injini inaunguruma: zinazovuja zitaonyesha cheche za bluu zikirukia chuma.

Hatua ya 8: Chumvi ya bahari

Gari linalolala Shangani, Mikindani au ufukweni Lindi lina ugonjwa wake. Upepo wa chumvi unaingia kwenye soketi, shaba inaota kutu ya kijani, na kutu hiyo inapitisha umeme leo na kuukataa kesho. Kwa gari la pwani naanza hapa kabla ya kugusa kifaa chochote.

Injini ikiwa imewaka, tikisa waya taratibu, soketi moja baada ya nyingine: distributa, sensa ya vakyumu, relei, kompyuta. Injini ikishtuka, umeshika penyewe. Kisha pima athi: multimita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma safi cha injini, mwenzako apige starta. Ikizidi volti 0.5, waya wa athi au vifungio vyake vina kutu. Fungua, piga msasa laini mpaka chuma king'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi juu. Ukipaka grisi kabla ya kukaza umefunika tatizo. Betri yenyewe isome karibu 12.6 gari likiwa limelala, na 13.5 hadi 14.5 injini ikiunguruma.

Hatua ya 9: Thibitisha kwa njia ileile

Baada ya kubadilisha kilichothibitika, na hicho tu, chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika kufuta namba, kisha rudi kwenye mazingira yaliyolizimisha. Mzunguko wa kutoka gereji hadi Ligula na kurudi hauthibitishi kitu kwa gari linalozima baada ya dakika 40. Mwalimu nilimwambia aondoke Masasi saa saba mchana, jua likiwa utosini, apande bila watoto, na daftari liwe wazi. Amepanda hivyo mara tatu, na mara zote tatu ameandika saa ya kufika Newala.