Kuandika na kugawana taarifa za mashamba ya kutulia glaida

Glaida, ndege nyepesi inayoelea kwa hewa inayopanda, kwa kawaida haina injini ya kuirudisha juu. Hewa inayopanda ikiisha katikati ya milima ya Alps, rubani ana dakika chache za kuchagua pa kutua, na mara nyingi anategemea alama iliyowekwa na mwenzake kwenye skrini. Basi shamba ambalo hakuna aliyelikanyaga lisiingie kwenye orodha. Picha za satelaiti hazionyeshi waya wala mteremko, na huenda zilipigwa miaka kadhaa iliyopita.

Kwanza muombe ruhusa mwenye shamba. Yeye ndiye ajuaye mitaro ilipo, ng'ombe huingia lini, na mwakani atapanda nini. Kisha pima urefu kwa hatua zako, ukiwa umeshazihesabu kwenye mita 100 unazozijua. Tofauti ya mwinuko kati ya ncha mbili itoe kwenye ramani yenye kontua, maana GPS ya simu hukosea mita kadhaa kwenye mwinuko. Shamba la mita 350 linalopanda mita 14 lina mteremko wa asilimia 4. Hapo hutuliwa kwa kupanda tu, hata upepo hafifu ukitoka nyuma.

Kizuizi cha upande wa kuingilia hula mara 10 ya kimo chake. Miti ya mita 12 inakupunguzia mita 120, kwa hiyo ile 350 inabaki 230. Andika namba zote mbili.

Upana pima pale pembamba zaidi. Glaida nyingi zina mabawa ya mita 15 au 18, za viti viwili hufika 20 na zaidi. Mazao au nyasi ndefu ni hatari kuliko zinavyoonekana kutoka juu: bawa likinaswa, ndege inazunguka ghafla na mkia unaweza kuvunjika. Uzio wa umeme wa ng'ombe nao hauonekani angani, labda nguzo zake.

Taarifa hizo huwekwa kwenye faili la CUP, linalosomwa na programu za kuongozea glaida kama SeeYou na XCSoar. Shamba moja ni mstari mmoja, kwa mpangilio huu: jina, kifupi, nchi, latitudo, longitudo, mwinuko, aina ya mahali, mwelekeo wa kutua kwa digrii, urefu, masafa ya redio (hapa wazi), maelezo:

"MFANO","M01",FR,4403.498N,00559.500E,460.0m,3,340,350.0m,,"06/2024 tua 340 tu, miti m12 kusini"

Mafaili mapya yana safu ya upana baada ya urefu, kwa hiyo fuata mpangilio wa mstari wa kwanza wa faili lako. Maelezo yaanze na tarehe ya ukaguzi na hatari kubwa, kwa kuwa skrini ndogo hukata maneno ya mwisho.

Kosa linalojirudia ni la majira ya nukta, yaani namba za latitudo na longitudo. CUP hutaka digrii na dakika. Digrii 44.0583 ni 4403.498N, ukiandika 4405.830N, shamba limehama zaidi ya kilomita 4, pengine hadi bonde jingine. Kwetu Afrika Mashariki kuna mtego wa S na N: Nyeri iko dakika 25 hivi kusini ya ikweta, na herufi moja ikikosewa alama inaruka kilomita 90 hivi kaskazini. Kila mara fungua faili juu ya ramani kabla ya kulituma.

Piga picha tatu: moja kutoka kila ncha ukiwa chini, na moja ya angani kutoka upande wa kuingilia. Faili la CUPX hubeba picha pamoja na data.

Mhariri awe mmoja, na tarehe iwemo kwenye jina la faili. Shamba likiharibika, usilifute, kwani nakala ya zamani ya mtu italirudisha. Anza jina lake na HAIFAI, kisha geuza ile 3 (pa kutua nje ya uwanja) iwe 1 (alama ya kawaida). Usipoigeuza, programu itaendelea kumwonyesha rubani kwamba anafika pale salama, na sasa pana mahindi au nguzo mpya.