Mkono uliopooza baada ya ajali: hatua za kupima na kuunga neva

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa zahanati za Malindi, wanaompokea wa kwanza kijana wa bodaboda aliyeangukia bega au mgema aliyeporomoka mnazini.

1. Anza na uhai: pumzi, shingo, kisha mapigo kwenye kifundo cha mkono. Yakikosekana, huenda ateri iliyo chini ya mtulinga imechanika. Hiyo ni dharura ya saa ile ile.

2. Uliza alivyoanguka. Aliyeangukia bega, kichwa kikavutika upande wa pili, huumia mizizi ya juu ya neva za mkono zinazotoka shingoni, yaani C5 na C6: bega halinyanyuki, kiwiko hakikunjiki. Mgema aliyedaka kuti akaning'inia huumia mizizi ya chini, C8 na T1, akashindwa kufumba na kutanua vidole.

3. Pima msuli mmoja mmoja, uupe alama 0 (hausogei kabisa) hadi 5 (nguvu kamili), uandike na tarehe. Usitazame tu, shika msuli wenyewe. Mgonjwa hupandisha bega zima kwa misuli ya shingo, ukadhani mkono unanyanyuka, kumbe msuli wa bega umelala laini chini ya vidole vyako.

4. Tazama jicho. Kope iliyolegea na mboni iliyosinyaa upande ulioumia huashiria mzizi umeng'oka kwenye uti wa mgongo, na mzizi wa namna hiyo hauungiki. Gonga juu ya mtulinga: akihisi kama umeme unashuka mkononi, kuna matumaini kwamba mzizi bado umeshika.

5. Hesabu siku. Neva iliyokatwa kwa panga au kioo ishonwe ndani ya siku chache. Jeraha lisilo wazi lipimwe EMG (kipimo cha umeme wa misuli) baada ya wiki 3 hadi 4. Mapema zaidi kipimo hudanganya. Kiwiko kisipoanza kukunjika kufikia mwezi wa 3, mpeleke kwa mpasuaji wa neva, usingoje mwezi wa 6. Tafadhali usimwambie "subiri tu". Neva huota takriban milimita 1 kwa siku, na msuli uliokaa miezi 12 hadi 18 bila neva haufufuki. Wakati huo wote viungo vinyooshwe na kukunjwa kila siku, visikakamae.

6. Kwenye upasuaji, dawa ya kulegeza misuli iwe imekwisha nguvu, la sivyo kichocheo cha umeme cha kupimia neva hakionyeshi kitu. Kovu hukatwa hadi nyuzi nzima zionekane, pengo likazibwa kwa neva ya surali, neva ya hisia inayochukuliwa mguuni, chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba sana wa nailoni, 9-0 au 10-0. Ukishona kwa kuvuta, maungio huota kovu. Mizizi ya C5 na C6 ikiwa imeng'oka, fungu moja la nyuzi za neva ya ulna, ipitayo upande wa kidole kidogo, huhamishiwa tawi la neva la bisepsi, msuli unaokunja kiwiko, mbinu ambayo mpasuaji Mfaransa Oberlin aliichapisha mwaka 1994.