Jinsi ya kulinganisha nzige wa jangwani na chonga wa minazi

Usianze na umbo la mdudu, anza na mmea ulioliwa. Nzige anatafuna majani mchana kweupe, mzima ana kama gramu 2 na kwa siku anaweza kula uzito wake mwenyewe, ndo maana 2020 kaskazini mwa Kenya malisho yaliumia vile. Chonga wetu wa pwani, yule mbawakawa mwenye pembe, anaruka usiku, anatoboa kileleni mwa mnazi, sasa kuti jipya likifunguka utaona limekatwa umbo la V kama kwa mkasi, ni yeye huyo! Kisha angalia wanapozaliana: nzige anataga kwenye mchanga wenye unyevu, chonga kwenye magogo ya minazi yaliyooza na samadi, hayo magogo yaondoeni shambani mapema jamani.