Jinsi ya kuzisoma komedi za Sor Juana bila kupotelea gizani

Wakuu, wengi wanamjua Sor Juana Inés de la Cruz, mtawa mwandishi wa Mexico wa karne ya 17, kwa ile sura yake kwenye noti ya peso 100 ya Mexico, wengine kwa mashairi, wengine kwa ile barua ya 1691 aliyomjibu askofu wa Puebla akitetea mwanamke naye asome. Tamthilia zake za kidunia ndo zinaachwaga pembeni, na sababu naona ni moja tu, mtu anaanza vibaya, akifika ukurasa wa kumi hajui nani anampenda nani, anafunga kitabu. Mi nilifunga mara mbili. Mara ya tatu ndo nikapata njia, basi naiweka hapa.

Kwanza chagua ya kuanzia. Za uhakika kabisa ziko mbili, Los empeños de una casa (tuseme Misukosuko ya Nyumba Moja) na Amor es más laberinto. Kuna ya tatu, La segunda Celestina, ambayo wataalamu mpaka leo wanabishana mkono wake umo au haumo, hiyo iweke kando kwanza. Anza na Empeños. Usije ukaanza na Amor eti kwa sababu stori ya Teseo, yule shujaa wa hadithi za Kigiriki, na lile dude la Krete unaijua tayari, utajuta.

Halafu kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, jiwekee picha ya onyesho lenyewe kichwani. Ni tarehe 4 Oktoba 1683, jijini Mexico, enzi hizo Hispania Mpya, na mchezo hauko kwenye ukumbi wa umma, uko nyumbani kwa mkubwa mmoja wa mahesabu ya serikali, wageni rasmi ni makamu wa mfalme wa Hispania na mkewe, yule Condesa de Paredes ambaye ndo alikuwa mlezi mkubwa wa Sor Juana na ndo aliyefanya mashairi yake yakachapwa Madrid 1689. Mwandishi mwenyewe hayupo ukumbini, yuko ndani ya kuta za watawa wa San Jerónimo na hatoki. Ila msimchukulie kama mtawa aliyekuwa anakisia tu maisha ya wakubwa, kabla ya kuingia utawani aliishi kasri la makamu wa mfalme kama mmoja wa mabinti wa pale, kwa hiyo posa, wivu, barua za siri na vijakazi wanaopitisha wageni mlango wa nyuma anavijua vizuri tu. Na kituko ni kwamba sherehe hizo hizo zilikuwa pia za kumpokea askofu mkuu mpya, Aguiar y Seijas, mtu aliyekuwa hapendi tamthilia hata kuzisikia.

Sasa chukua karatasi. Siyo utani, chukua. Chora nyumba moja ya Toledo, kule Hispania, yenye vyumba kadhaa, maana mambo karibu yote yanatokea humo. Andika Pedro na dada yake Ana, hao ndo wenye nyumba. Pedro anamtaka Leonor, Leonor anampenda Carlos, Ana naye kamwona Carlos kaduwaa, wakati Juan kamfuata Ana toka Madrid na bado anajiona ndo mchumba. Pedro kapanga njama, Leonor akitoroka na Carlos usiku wakamatwe na maaskari feki, binti aletwe kwake “ahifadhiwe”. Njama inafanikiwa kupita kiasi, kwa sababu Carlos naye akikimbia baada ya kupigana anaingia kujificha nyumba ile ile, na Juan tayari kafichwa humo humo na kijakazi Celia. Kila mtu akiingia chumba, sogeza jina lake kwenye mchoro, na mshumaa ukizimwa weka alama, maana kuanzia hapo watu wanashikana mikono na wasio wao. Ukifanya hivi sehemu zote tatu zinaenda zenyewe. Mara mbili za kwanza nilikuwa nasoma maneno ya mapenzi tu, kumbe injini ya mchezo ni milango na giza.

Soma kwa sauti. Kama Kihispania hujui tafuta tafsiri iliyotengenezwa kwa ajili ya jukwaa (Royal Shakespeare Company waliicheza kwa Kiingereza 2004), lakini hata hivyo fungua na Kihispania chenyewe usome mistari ishirini hivi. Sehemu kubwa iko kwenye mizani nane, hesabu ile ile ya utenzi, kwa hiyo sikio lako litadaka mdundo hata kabla hujaelewa maana. Tofauti ni kwamba kwenye mtindo wao wa romance kina kinakaa kwenye irabu tu, na kwa mistari ya shufwa peke yake, konsonanti zinajiendea zinavyotaka.

Tuje kwa Castaño, na hapa usikimbie. Ni mtumishi wa Carlos, jina lake lenyewe ni rangi ya kahawia, mtu wa kutoka Amerika katikati ya mabwana wa Toledo. Sehemu ya tatu anatumwa apeleke barua kwa baba yake Leonor, anaogopa kukamatwa, na mkononi ana furushi la nguo za Leonor. Anaamua kuvaa. Anaanza kwa kumwomba Garatuza amwongoze, tapeli aliyevuma Mexico, yaani ndani ya Toledo ya kwenye karatasi unasikia ghafla mtaa wa watu waliokaa pale kutazama. Kisha anavaa kipande kimoja kimoja, sketi, glavu, kipepeo cha mkononi, shela la kuficha uso, na kila kipande anakitolea maoni huku akiwageukia wanawake ukumbini awaulize wanaonaje. Wewe kama unaigiza hii na wenzako, mwacheni mwigizaji avae kweli, asivalie nyuma ya pazia, kwa sababu ucheshi wote uko kwenye muda unaopita kati ya nguo na nguo. Akimaliza tu anakutana na Pedro, Pedro anadhani ni Leonor, anambembeleza kwa maneno matamu, Castaño anamjibu kihuni kabisa na jamaa bado hashtuki. Bwana anayejidai kafa kwa mapenzi hamjui huyo ampendaye hata kwa sauti!

Vipande vya katikati, yaani vichekesho vifupi vinavyochezwa kati ya sehemu na sehemu, wengi wanaruka, msiruke. Cha pili ndo tamu, watazamaji wawili, Muñiz na Arias, wanalalamika kwamba mchezo huu (huu huu tunaoutazama) ni mrefu na unachosha, afadhali wangeleta wa Calderón, mwandishi mkubwa wa tamthilia wa Hispania, na wanaamua kuupigia miluzi. Mtawa kaandika mwenyewe watu wa kumzomea, kabla hawajawahi.

Kuna hotuba ya Leonor sehemu ya kwanza, anasimulia alivyosoma tangu mdogo mpaka watu wakawa wanakuja kumshangaa, wengi wanasema hapo Sor Juana anajizungumzia. Sawa, inafanana sana na maisha yake, ila isome pia kama maneno ya msichana aliyeletwa usiku nyumba ya watu na anajieleza kwa mwanamke ambaye kumbe ni mshindani wake.

Ukimaliza nenda Amor, ya Januari 1689, siku ya kuzaliwa kwa makamu mwingine, Conde de Galve. Sehemu ya pili si yake, ni ya Juan de Guevara, na naona inapwaya, pitia fasta. Tulia kwenye hotuba ya Teseo mbele ya mfalme Minos, anaposema watu walizaliwa sawa na ni nguvu ndo ilifanya wengine watawale. Hilo linasemwa kwenye bethdei ya mtawala.

Mwisho wa Empeños mtazameni Pedro. Leonor anaenda kwa Carlos, Ana kwa Juan, Celia kwa Castaño, na mwenye njama anabaki kasimama sebuleni kwake bila mtu.