Gari kuukuu na hela ya mawazo: uanze kutengeneza nini

Wakuu, gari ikishapita miaka ishirini kila wiki inakuja na lake, leo inagonga mbele kulia, kesho taa ya cheki injini imewaka, keshokutwa kioo kimeshuka hakipandi, na kipato ni kilekile. Mimi naendesha Carina TI, huu mwaka wa saba niko nayo hapa Mwanza, naishi Buhongwa na kazi yangu iko mwaloni Kirumba, nabeba dagaa, kwahiyo ni mjini na kurudi kila siku na siku zingine navuka Sengerema. Hela nyingi sana imenipotea kwenye hii gari, na nikikaa nikipiga hesabu naona imepotea kwasababu nilikuwa natengeneza kinachonikera nakiacha kinachoweza kuniua.

Nianze na siku yenyewe. Mbele ilikuwa inagonga, kila shimo ko ko ko, abiria akipanda anauliza vipi hii. Nikajichanga nikapata laki na nusu nikaenda gereji. Fundi akacheki akasema stabilaiza linki, vile vifimbo vinavyozuia gari isiyumbe kwenye kona, na bushi zimekwisha, na kweli zilikuwa zimekwisha. Alipotoa tairi ya kulia nikachungulia nikaiona hosi ya breki, ule mpira mweusi unaopeleka maji ya breki kwenye kalipa inayobana diski, umepasukapasuka kama kisigino cha mtu anayetembea peku kiangazi chote, na pale karibu na nati umevimba kama umemeza punje ya hindi. Nikamuuliza hii vipi? Akanambia bosi hiyo bado inashika, tumalize kelele kwanza. Tukamaliza kelele. Wiki ya tatu nashuka kutoka Bugando, nimetoka kumpeleka shangazi kliniki na bado yuko kiti cha nyuma, nakanyaga breki pedali inazama mpaka chini. Nikapampu haraka haraka, nikashusha gia mpaka L, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, gari ikasimama imeegemea ukingo wa mtaro. Hatukuumia. Breki za gari zimegawanywa njia mbili, hosi moja ikipasuka njia ya pili inabaki na nguvu kidogo, hiyo kidogo ndo iliyotuokoa. Nilipoenda kununua hosi mpya ilikuwa bei ndogo kuliko zile linki mbili!

Tangu siku hiyo kila kitu kibovu kwenye gari nakiuliza swali moja tu, hiki kikikatika saivi nikiwa nashuka mlima na watu ndani, nini kinafuata? Kama jibu ni mtu ataumia, kinatengenezwa wiki hii hata kwa kukopa. Kama jibu ni injini itakufa, ndo kinafuata. Kama ni nitalala njiani, kinasubiri zamu yake. Kama jibu ni nitakereka, basi nakereka. Kelele isikutishe wala ukimya usikupe moyo, vitu vinavyoua vingi havipigi kelele kabisa.

Ila huwezi kupanga kitu usichokijua, kwahiyo kabla hujanunua spea hata moja mlipe fundi akukague gari nzima na umwambie kabisa leo hatutengenezi kitu, nalipia kukagua tu. Wengi hatufanyi hivi tunaona ni hela ya bure. Gari iinuliwe jeki, tairi zitoke zote nne, na wewe usikae kwenye benchi na simu, simama hapo na daftari uandike kila anachokiona, na umuulize lile swali. Usipomuuliza atakupa orodha ya vitu kumi na mbili vyote "vya haraka".

Sasa breki. Pedi zikibaki milimita 3 hivi badilisha, na ubadilishe kushoto na kulia kwa pamoja, usiweke upande mmoja gari itavuta. Ukisikia mlio mwembamba kama filimbi ukikanyaga, kile ni kibati kinakwambia pedi zimefika mwisho, ukikipuuza kinafuata chuma kwa chuma na hapo umeshaua diski, kazi ya bei ndogo imegeuka kubwa. Alafu kuna maji ya breki ambayo karibu kila mtu anayasahau. Yale maji yananyonya unyevu wa hewa taratibu. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 140 tu, na wewe unayeshuka vilima vya Isamilo au Bugando mguu uko kwenye breki muda wote diski zinapata moto kweli, maji yakichemka yanatengeneza mvuke kwenye paipu na pedali inakuwa laini kama sifongo. Kila baada ya miaka miwili yabadilishwe, kikopo chake hakifikii hata bei ya sangara mmoja mnono.

Tairi nazo usiangalie vipara tu, angalia umri. Ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 2319, maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi za mtumba nyingi zina meno mazuri ila zimezeeka, mpira umekauka, ukiinamisha unaona mistari midogo midogo. Mimi kama hela haitoshi nanunua mbili mpya mwezi huu na mbili baadae kuliko kununua nne za mtumba, kwasababu barabara ya Shinyanga unatembea spidi na jua kali na mzigo, na tairi zee linapasuka katika hali hiyohiyo.

Miguu ya mbele ukae nayo karibu. Inua jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise, alafu kulia na kushoto utikise. Ikicheza juu na chini ni boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshikilia mguu wa tairi, au bearing, ikicheza kulia na kushoto mara nyingi ni tairodi, fimbo inayounganisha usukani na tairi. Mwambie fundi apenyeze nondo chini ya tairi ainyanyue, boljointi mbovu inajionyesha hapo, unaiona inaruka. Hiki ndo kitu kimoja ambacho sikuruhusu ukisogeze mwezi ujao, ikichomoka tairi inalala kifudifudi gari inakaa chini palepale, na tairodi ikichomoka usukani unauzungusha na gari haina habari na wewe. Ila stabilaiza linki inayogonga ko ko ko hata ikikatika utaendesha ufike, gari itayumba kwenye kona basi. Unaona sasa mimi nilivyoanza na kisichostahili? Taa na waipa weka humuhumu pia, mpira wa waipa ni hela ndogo na mvua za vuli zikishuka usiku pale Mkolani huoni hata bodaboda aliye mbele yako, na trafiki akikukuta na taa moja ni 30,000 imeondoka ambayo ingenunua balbu kadhaa.

Injini. Hapa nikae kidogo maana ndo pameua gari nyingi za watu ninaowafahamu. Mwanza tuko juu, ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na maji ya kawaida huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Injini inafanya kazi kwenye 80 hadi 90 na kitu. Unaona nafasi ilivyo ndogo? Kinachokuokoa ni presha, na presha inashikwa na mfuniko wa rejeta, kile kifuniko chenye springi na mpira. Mpira ukichoka presha inavuja, maji yanachemka mapema, gari inachemsha kwenye kupanda, na utaambiwa silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imekufa wakati kilichokufa ni mfuniko. Anza na mfuniko, alafu hosi, zibonye kwa vidole gari ikiwa imepoa, iliyo laini kama mkate uliolowa au yenye nyufa itoe, alafu feni kama inawaka, alafu ndo rejeta na wota pampu.

Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, iweke. Pale mwaloni nimeona watu wanachota maji ya ziwa kwenye ndoo wanajaza rejeta, hayo maji yana matope na vijidudu vyake, rejeta inaziba na kutu inakula pampu. Hata ya bomba ni ya dharura tu. Na fundi akikwambia tuitoe thamostati, kile kivalvu kinachofungulia maji ya rejeta injini ikishapata moto, eti gari ipoe, kataa. Injini itakuwa inatembea baridi, inakunywa mafuta zaidi na inajila yenyewe, na tatizo lililofanya ichemshe liko palepale. Mshale wa temprecha ukipanda kupita kawaida yake simama hapohapo, zima, usifungue mfuniko mpaka upoe kabisa. Kuvutwa kutoka Misungwi kunauma mfukoni lakini kilomita tano za kulazimisha ndo zinapindisha silinda hedi.

Oili pima mwenyewe kila Jumapili, dakika mbili, gari iko sehemu tambarare na imepoa. Ikiwa imepauka kama chai ya maziwa ujue maji yameingia, usiwashe tena. Moshi wa bluu inakula oili, mweusi inachoma petroli nyingi, mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto ni maji. Gari inayokula oili kidogo sio lazima ushushe injini, ongeza oili uendelee kuchanga, mimi niliongeza mwaka mzima. Ila ile taa nyekundu ya oili yenye picha ya birika ikiwaka unatembea, zima kabla hujafikiria kingine.

Timing belti, mkanda unaoendesha valvu za injini: kama ni gari ya mkanda kama yangu na hujui lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haukuwahi kubadilishwa, kilomita za dashibodi za gari iliyopita mikono minne usiziamini. Kwa kawaida ni kila kilomita laki moja. Injini nyingi mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni na hapo unanunua injini. Wenye IST na Spacio nyu modo za injini ya 1NZ nyinyi mna cheni, shukuruni, badilisheni oili kwa wakati tu.

Vya kulala njiani nitavipitia haraka. Betri ikiwa imepumzika isome volti 12.6 hivi, gari ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5, ikisoma chini ya hapo usikimbilie betri mpya, oltaneta, ile dainamo ya kuchaji betri, haichaji au belti yake inateleza. Buti la draivashafti, ule mpira unaofunika kiungo cha shafti inayozungusha tairi, likichanika libadilishe siku hiyohiyo, ni mpira tu na grisi, ukiliacha vumbi la Buswelu linaingia na baada ya muda kila ukikata kona unasikia ka ka ka, hapo sio mpira tena. Plagi na filta ya hewa ni vidogo ila vinakurudishia hela kwenye petroli.

AC, kioo, rangi, redio, bampa, vyote mwisho. Taa ya cheki injini nayo mara nyingi inaweza kusubiri, isipokuwa ikiwa inablinki, hiyo injini inamisi na unaharibu zaidi kila unavyoendelea. Na usinunue sensa kwa kubahatisha, pima kwanza na mashine, nimeona jamaa kanunua oksijeni sensa mbili na shida ilikuwa paipu ya hewa imechomoka.

Namna ya kuifanya hela ienee: unganisha kazi zinazofunguliwa sehemu moja. Ukifungua timing belti, angalia sili za mbele na wota pampu papohapo, ukishusha shokapu angalia na mpira wake wa juu, maana hela ya ufundi unalipa mara moja. Kwenye spea za mtumba mimi nachukua stata, oltaneta, taa, saitimira, mota ya kioo, vinapimwa palepale dukani ndo nalipa. Sichukui mtumba kwenye pedi, hosi, mkanda wala boljointi, hapana. Beba kile kibovu uende nacho dukani na namba ya chasisi, na baada ya kazi mwambie fundi akupe kilichotoka ukione kwa macho.

Na kibubu. Kila gunia la dagaa ninalopeleka natoa buku la gari kabla sijatoa hela ya kitu kingine, siku ya magunia nane ni elfu nane, siku mbaya ni elfu mbili, naweka kwenye laini ya pili ya simu ambayo sitembei nayo. Hii ndo iliyonunua mkanda.

Saivi daftari langu liko hivi. Hosi zote nne za breki mpya, boljointi zimebadilishwa, tairi mbili mpya mbili za kusubiri, mfuniko wa rejeta mpya. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hamna tena kusubiri kivuko, unazikata zile kilomita 3 juu ya maji unaendelea, kwahiyo injini haipati ile nafasi ya kupoa foleni, ndo maana rejeta nimeiandika namba moja mwezi ujao. Shokapu za nyuma namba mbili. Kioo cha nyuma kushoto nimekikazia kabari ya mbao tangu Februari, kiko namba kumi na moja.