Namna ya Kukagua Kama Matetemeko ya Makran Yamebadilika

Mtu wa Unguja au Pemba anayetaka kufuatilia matetemeko ya ardhi ya Bahari ya Hindi huielekeza akili Sumatra, kwa sababu ya tsunami ya 2004, na kuisahau pwani ya Makran, iliyoko kusini mwa Iran na Pakistan, upande ule ule yalikotoka majahazi ya kaskazi. Hapo bamba la Arabia, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia kinachosogea, linazama chini ya bamba la Eurasia kwa mwendo wa takriban sentimita 2 hadi 4 kwa mwaka, ilhali kaskazini mwa Japani mwendo hufikia 8 au 9. Ukanda wa polepole namna hii hudanganya: miongo inaweza kupita bila tetemeko kubwa, kisha matetemeko machache ya karibu karibu yakaonekana kama zama mpya.

Anza kwa kufungua orodha ya matetemeko ya Shirika la Jiolojia la Marekani, ambayo ni ya bure, na uchore mstatili kutoka latitudo 24 hadi 29 kaskazini na longitudo 57 hadi 67 mashariki. Saa zilizoandikwa humo ni za kimataifa, kwa hiyo ongeza saa 3 ili upate wakati wa hapa. Jambo hili si dogo. Tetemeko kubwa la 1945, la ukubwa wa takriban 8.1, lililoleta tsunami kwenye pwani hiyo, liliandikwa tarehe 27 Novemba saa 21:56 za kimataifa, lakini kwa saa za huko ilikuwa tayari alfajiri ya tarehe 28. Anayeunganisha orodha mbili bila kuangalia atalihesabu mara mbili.

Hatua inayofuata ndiyo inayowaponza wengi. Mtandao wa dunia wa vituo vya kupimia mitetemo ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo vifaa vimezidi kuwa vyepesi wa kusikia, kwa hiyo wingi wa matetemeko madogo ya karne hii hauthibitishi kwamba ardhi imechachamaa. Hesabu matetemeko yenye ukubwa wa 6 na zaidi, kisha 5 na zaidi, kisha 4 na zaidi: kila ukishuka kwa kizio kimoja, idadi inapaswa kuongezeka kwa takriban mara 10, na pale ongezeko linapolegea ndipo orodha ilipoanza kupungukiwa, na hapo ndipo kikomo chako. Rudia hesabu hiyo kwa kila kipindi, kwa sababu kikomo hicho hushuka kadiri vituo vinavyoongezeka. Ukilinganisha vipindi viwili, tumia kikomo cha kile cha zamani hata kama kitakutupia nusu ya jedwali lako.

Kisha tenga mitetemo ya baadaye, yaani ile inayofuata tetemeko kubwa na kusababishwa nalo. Tetemeko la Awaran, Pakistan, la tarehe 24 Septemba 2013, saa 8:29 mchana kwa saa zetu, lilikuwa na ukubwa wa 7.7, na siku nne baadaye likafuatwa na jingine la 6.8; ukiyahesabu yote na msururu wake kama matukio yanayojitegemea, mwaka huo utaonekana wa ajabu kuliko ulivyokuwa.

Mwaka huo huo unafundisha kuangalia safu ya orodha inayoonesha kina. Tetemeko la Saravan, Iran, la tarehe 16 Aprili, nalo la 7.7, lilitokea kilomita 80 hivi chini, ndani ya bamba linalozama, na lile la Awaran lilikuwa la ufa wa bara ambao pande zake huteleza kwa ubavu. Hakuna hata moja lililotoka kwenye mgusano wa mabamba baharini, tofauti na lile la 1945, kwa hiyo yasiwekwe kapu moja.

Mwisho, ukate mstatili wako karibu na longitudo 61. Upande wa magharibi hauna tetemeko kubwa la mgusano tangu vipimo vianze. Huenda mabamba yamekamatana, na kwa mwendo wa sentimita 2 kwa mwaka miaka 100 hulimbikiza mita 2 za msogeo. Au huenda yanateleza kimyakimya. Orodha ya matetemeko haiwezi kuamua kati ya hayo mawili, bali vipimo vya GPS vinavyoonesha kama ardhi ya pwani inabanwa, na hivyo ndivyo vya kutafuta jedwali lako likishakamilika.